Arifa Isimwage Siri

Wanachama wenzangu, hebu tuambiane ukweli. Simu iko mezani, imefungwa kwa nambari ya siri, mara kioo kinawaka: "Majibu ya damu yako si mazuri, fika kliniki leo." Mjomba kasoma, shangazi kasoma, hata jirani aliyekuja kukopa sukari! Sasa kufuli ni ya nini?

Mimi namlaumu mtunzi wa programu. Mwaka 2009 Apple iliruhusu baiti 256 tu kwa arifa moja. Siku hizi ni 4,096, basi watu wanashindilia tu kama gunia la mahindi. Matokeo ya kandanda yaje wazi, sawa. Lakini ya hospitali na ya pesa, la hasha! Arifa iseme "Una ujumbe mpya" na ibebe nambari ya kumbukumbu tu. Mwenyewe akishafungua simu, programu ndiyo iende kwenye seva ikalete habari kamili.