Plasta ya chunusi si tatizo, tatizo ni mkorogo ulio kando yake

Katika maduka ya vipodozi ya New Site, hapa Juba, bidhaa mpya imeanza kuonekana kati ya sabuni na mafuta ya nywele. Ni plasta ndogo za mviringo, kila moja ikiwa na ukubwa wa kifungo cha shati, za kubandika juu ya chunusi. Vijana walikwisha kuziona kwenye simu zao kabla hazijafika dukani. Watu wazima wanacheka na kusema nchi yenye mizigo kama yetu haina muda wa kujadili nyuso za vijana.

Naona tujadili. Anayeanza na chunusi moja anaweza kuishia na ngozi iliyoharibika kabisa, na njia hiyo inapita katika mipaka yetu ya pamoja.

Kwanza tuijue bidhaa yenyewe. Plasta hizi hutengenezwa kwa hidrokoloidi, malighafi ambayo hospitali zimeitumia kwa miongo kadhaa kufunika vidonda. Hufyonza majimaji na usaha na kuvigeuza kuwa kama jeli, ndiyo maana ikibanduliwa asubuhi huwa imevimba na kuwa nyeupe. Inasaidia chunusi iliyokwisha kutoa kichwa cheupe. Uvimbe unaouma ndani ya ngozi hauwezi, na chunusi mpya ya kesho haiizuii. Kwa jua la Juba, jasho na vumbi, mchana haikai. Inafaa usiku, juu ya uso uliooshwa na kukaushwa vizuri, bila mafuta.

Faida yake kubwa, hata hivyo, ni kwamba inazuia vidole. Kwenye ngozi nyeusi, chunusi iliyokamuliwa mara nyingi huacha doa jeusi linaloweza kudumu miezi mingi. Chunusi yenyewe huisha kwa siku chache, lakini doa hubaki, na wengi huumizwa zaidi na doa. Msichana anayetaka doa lake liondoke haraka huwa hahitaji kutafuta mbali. Kando ya plasta hizo zimepangwa krimu zinazoahidi uso laini, uso safi, uso mweupe. Ndizo tunazoziita mkorogo.

Hapo ndipo penye hatari. Baadhi ya krimu hizo zina clobetasol au betamethasone, dawa kali zinazopaswa kutolewa kwa maelekezo ya daktari. Siku za mwanzo uso hung'aa na chunusi hupungua, kwa hiyo mtumiaji huamini amepata tiba. Baadaye ngozi huwa nyembamba, mishipa ya damu huonekana, na chunusi hurudi kwa wingi. Akiacha kupaka, uso huwaka na kuvimba, basi anarudi kupaka. Nyingine zina hydroquinone, ambayo ikitumika muda mrefu bila uangalizi inaweza kuleta weusi wa kudumu ulio mbaya kuliko doa la awali. Nyingine zina zebaki, inayodhuru figo.

Hakuna nchi ya Jumuiya inayoweza kulimaliza tatizo hili peke yake. Rwanda ilianza msako mkali wa bidhaa hizi mwishoni mwa 2018, na polisi walizikusanya madukani. Kenya na Tanzania nazo zimepiga marufuku vipodozi vyenye hydroquinone na zebaki. Mwaka 2017, Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha azimio la kutaka vipodozi vyenye hydroquinone vipigwe marufuku katika nchi zote wanachama. Lakini azimio halisimamishi lori. Bidhaa iliyokatazwa upande mmoja wa mpaka hutafuta soko upande ambao ukaguzi ni hafifu, na kwa miaka mingi upande huo umekuwa wetu. Sehemu kubwa ya bidhaa za Juba hupitia Nimule, kilomita 192 kutoka hapa.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya mwaka 2016. Tumezoea kuhesabu faida za uanachama kwa ushuru na viza. Tuzihesabu pia kwa kilicho ndani ya kopo la krimu. Jumuiya ina sheria ya viwango na ubora tangu 2006, na nchi yetu ina Shirika la Taifa la Viwango pamoja na mamlaka ya kudhibiti dawa na chakula. Vyombo vipo. Vinahitaji maabara, watumishi wanaolipwa kwa wakati, na orodha moja ya bidhaa zilizokatazwa inayosomwa siku hiyo hiyo Nimule, Busia na Namanga.

Jambo la pili ni lugha. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya waliamua Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya. Uamuzi huo uonekane kwenye pakiti. Plasta nyingi za chunusi huja na maandishi ya Kikorea au Kichina, na krimu nyingine hazitaji kilichomo kwa lugha yoyote. Anayepaka kitu usoni ana haki ya kusoma kilichomo kwa Kiswahili, Kiingereza au Kiarabu kabla ya kutoa fedha yake.

Kwa familia inayohesabu kila pauni, plasta ni anasa, na hakuna aibu kuiacha. Maji safi, sabuni isiyo kali na mikono isiyogusa uso vinafanya kazi kubwa. Chunusi zikiwa nyingi, muulize mfamasia kuhusu dawa yenye benzoyl peroxide. Zikiuma na kuacha makovu, nenda kliniki. Mwenye duka la vipodozi si daktari, hata akiwa jirani mwema.

Nasi wazazi, walimu na wana habari tupunguze kicheko. Kijana anayechekwa kwa sababu ya plasta usoni atatafuta kitu kisichoonekana, na hicho kisichoonekana kinauzwa kwenye kopo dogo lisilo na maelezo. Plasta angalau tunaiona.