Mambo ya Nyumbani: Chakula cha Jioni Kisichochelewa

Watu wengi wa Junju, upande wa kusini wa Kilifi, hushinda shambani au kazini, na jua likichwa ndipo moto huwashwa. Kunde kavu huchelewa kuiva, na watoto wadogo hushikwa na usingizi kabla ya kula. Hasara hii yaweza kuepukwa.

Mama wa nyumba na aziloweke kunde au mbaazi asubuhi kabla ya kutoka, katika maji safi, mahali penye kivuli. Jioni ayamwage maji yale, atie mapya, kisha aifunike sufuria. Hivyo zitaiva upesi, na kuni zitapungua. Lakini tui lisikamuliwe mapema, kwa kuwa huchacha upesi kwa joto la pwani. Tui jepesi hutangulia. Tui zito hutiwa mwisho, huku likikorogwa lisikatike.

Wala kazi hii si ya mwanamke peke yake. Mume akisharudi, aketi juu ya mbuzi akune nazi, na vijana wateke maji na kupasua kuni. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nyumba inayosaidiana hula sima yake mapema, na watoto hulala wameshiba.