Kutu Haifunikwi, Hukatwa

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii yafaa ikumbukwe na kila mwanajeshi na kila polisi mwenye gari la zamani la kupandia milima, ama liwe lake mwenyewe, ama liwe la umma alilokabidhiwa kazini. Adui mkubwa wa gari hilo hayuko makorongoni wala kwenye mawe ya njiani. Yumo ndani ya bodi yake, naye ni kutu, alaye usiku na mchana pasipo kupiga kelele.

Leo twataka kuzungumza juu ya adui huyo, kwa kuwa tunaona namna mbili za kumkabili, nazo hazilingani hata kidogo. Namna ya kwanza ni kulikata bati lililooza na kuweka jipya mahali pake. Namna ya pili ni kulifunika bati hilo kwa puti, kulipiga msasa, kulipaka rangi, na kumkabidhi mwenye gari kitu king'aacho. Namna zote mbili huitwa matengenezo. Kwa maoni yetu, ya kwanza ndiyo yenye haki ya kuitwa hivyo.

Tuchukue mfano wa Batsinda. Mtaa huu umo katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, upande wa kaskazini wa jiji la Kigali. Ni mtaa wa vilima, wenye udongo mwekundu ambao wakati wa kiangazi huwa vumbi na wakati wa mvua huwa tope. Nchi ya Rwanda ina majira mawili ya mvua kila mwaka, ya kwanza kuanzia Machi hadi Mei na ya pili kuanzia Septemba hadi Desemba. Gari linalopanda na kushuka vilima hivyo huchota tope kwa magurudumu yake na kulirusha ndani ya madigadi, chini ya sakafu na ndani ya vizingiti vya milango. Juu tope hukauka kwa siku moja. Ndani ya bodi hukaa na unyevu wake majuma mengi. Chuma, maji na hewa vikikutana, kutu haina budi kuzaliwa.

Wako wanaodhani kwamba kutu ni taabu ya ndugu zetu wa Mombasa, Tanga na Zanzibar tu, waishio karibu na chumvi ya bahari, na kwamba sisi tulio mbali na pwani kwa zaidi ya kilomita 1,000 tumesalimika. Wanasahau kwamba magari mengi huja kwetu yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, na kwamba katika nchi za baridi chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu. Gari huweza kushuka bandarini likiwa tayari na ugonjwa, na mvua zetu zikaja kuumalizia.

Magari ya zamani yapendwayo zaidi katika Afrika Mashariki ni ya namna mbili, na kila moja lina maradhi yake. Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 40, iliyotoka viwandani tangu mwaka 1960 hadi 1984, ina bodi ya bati la chuma, na hiyo kutu huila waziwazi. Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, ilipewa bodi ya alumini kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa adimu huko Uingereza. Watu wengi husema kwa hiyo kwamba Land Rover haishiki kutu. Hilo si kweli. Chasisi yake ni ya chuma, na ukuta utenganishao injini na abiria ni wa chuma vilevile. Zaidi ya hayo, pale alumini inapogusana na chuma penye maji, alumini yenyewe huliwa na kugeuka unga mweupe.

Mwanajeshi hakufundishwa kupaka rangi juu ya kutu ya bunduki yake. Alifundishwa kuifungua, kuisafisha, kuikagua na kuipaka mafuta, kwa sababu siku ya haja bunduki haitazami sura. Kwa nini basi akubali kufanyiwa jambo hilo katika gari litakalombeba yeye na wenzake katika mteremko wa usiku?

Puti ni unga uliochanganywa na gundi. Hauna nguvu ya kubeba kitu. Ukiwekwa juu ya tundu la kutu huficha tundu, lakini kutu iliyo nyuma yake huendelea kula. Na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, haichukui muda rangi huvimba kama jipu na puti hupasuka. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hasara ya rangi ni ndogo. Jambo la kutisha ni kwamba sakafu ndiyo ishikayo kiti, na ukanda wa usalama hufungwa kwenye chuma cha bodi. Ikiwa chuma hicho kimekuwa puti na rangi, basi siku gari litakapogonga au kupinduka, ukanda utang'oka pamoja na mahali ulipofungwa, na abiria atakuwa kama hakuufunga kabisa.

Kazi ya haki huanza kwa kufungua. Viti na mazulia yatolewe, waya za betri zifunguliwe, na tangi la mafuta, likiwa karibu na mahali pa kuchomelea, liondolewe na kuwekwa mbali. Kisha rangi ikwaruzwe mpaka chuma kionekane. Fundi hugonga kwa ncha ya tindo: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoboka. Mstari wa kukata hauwekwi ukingoni mwa tundu. Huwekwa ndani ya chuma kizima, mbali kidogo na mahali kutu inapokoma, kwa sababu bati lililodhoofika haliwezi kushika mshono. Likiguswa na moto huyeyuka, na tundu huwa kubwa kuliko mwanzo.

Kabla ya kukata kizingiti cha mlango, bodi sharti iegemezwe na nafasi za milango zipimwe. Wasiofanya hivyo huona baadaye kwamba bodi imelegea na mlango haufungi tena. Kiraka nacho hupimwa kwanza kwa karatasi ngumu ya boksi, kikakunjwa na kujaribiwa mpaka kikae, ndipo kinapohamishiwa kwenye bati lenye unene sawa na lile la asili, ambao katika magari mengi ya namna hii ni milimita moja au karibu na hapo. Bati la kuezekea nyumba halifai. Mara nyingi unene wake haufiki hata nusu milimita, na zinki iliyopakwa juu yake ikichomwa hutoa moshi umpatiao fundi homa na kutetemeka jioni ile ile.

Kuchomelea kwenyewe kwataka subira. Fundi hodari hatembezi moto kwa mkupuo mmoja. Hutia nukta hapa, akahamia upande wa pili, akarudi katikati, akiacha bati lipoe, kwani joto likikusanyika mahali pamoja bati hujikunja na halinyooki tena kwa urahisi. Mshono ukikamilika husagwa, hupakwa rangi ya kwanza yenye zinki, maungio huzibwa yasipitishe maji, na ndani ya mashimo ya bodi hunyunyizwa nta au mafuta. Vitundu vya kutolea maji vilivyotobolewa na kiwanda viachwe wazi. Fundi anayeviziba kwa kudhani ni kasoro amejenga birika. Baada ya hayo yote, puti kidogo ya kusawazisha uso haina ubaya.

Fundi mwenyewe pia ni mtu wa kuangaliwa. Miwani na kioo cha kuchomelea ni haki yake, kadhalika na barakoa, maana rangi za zamani huweza kuwa na risasi, na vumbi la msasa huingia mapafuni. Mteja anayeharakisha kazi na kupunguza bei mpaka fundi akose vifaa hivyo asijisifu kwamba amefanya biashara nzuri.

Tunajua atakalojibu askari wetu. Atasema kwamba mshahara ni mdogo, watoto wanasoma, na kazi ya kukata bati ni ghali kuliko kazi ya puti. Neno hilo ni la kweli, nasi hatulidharau. Lakini jibu lake halimo katika puti. Limo katika kupanga. Kazi igawanywe. Zianze sehemu zibebazo uzito na uhai: chasisi na mahali bodi inapofungwa juu yake, sakafu, vizingiti, na penye kanda za usalama. Madigadi na boneti vingoje mwaka ujao. Gari lenye madigadi yaliyobonyea na sakafu nzima lina heshima kuliko gari ling'aalo lenye sakafu ya karatasi. Na ikiwa chasisi yenyewe imeoza kupita kiasi, ushujaa ni kulivunja gari hilo na kuwapa wengine vipuri vyake, kuliko kumpelekea mtu mwingine mzigo huo kwa kumficha.

Hapo ndipo panapoingia suala la uaminifu. Magari haya siku hizi yanatafutwa. Mwezi wa Oktoba 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika mjini Arusha katika tamasha lake, mengine yakiwa na umri kuliko madereva wake. Mwaka 2021 kampuni ya Toyota ilitangaza kwamba itaunda upya vipuri vya Land Cruiser ya mfululizo wa 40. Kitu kikitafutwa, bei hupanda. Bei ikipanda, na hila hupanda pamoja nayo. Anayenunua gari lililopambwa kwa puti hununua kaburi lililopakwa chokaa, na mara nyingi mnunuzi huyo ni askari mwenzetu aliyeweka akiba ya miaka mingi.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu.

La kwanza ni kwa mwenye gari. Aende gereji mara tatu: mara moja rangi ikiwa imekwaruzwa na kabla ya kukata, mara ya pili mshono ukiwa umekamilika na kabla ya rangi, na mara ya tatu gari likiwa limeinuliwa alitazame chini. Picha zipigwe kwa simu kila mara na kuhifadhiwa. Vipande vilivyokatwa adaiwe fundi, kwani fundi aliyekata kweli atakuwa navyo.

La pili ni kwa askari wa usalama barabarani na wakaguzi wa magari. Polisi ya Taifa ya Rwanda ndiyo yenye dhamana ya kukagua magari, na breki na taa hupimwa kwa mitambo. Bodi ya gari la zamani yaweza kupimwa kwa sumaku ndogo ya mfukoni: penye chuma itashika, penye puti nene itaanguka. Ila mkaguzi akumbuke kwamba kwenye alumini ya Land Rover sumaku haitashika hata kama bodi ni nzima. Huko na atazame chasisi na ukuta wa injini.

La tatu ni kwa wakuu wa karakana za majeshi na za polisi. Fundi wa bodi asihesabiwe kuwa mdogo kuliko fundi wa injini. Kijana ajuaye kulikunja bati likaifuata bodi ya asili ana elimu ipatikanayo kwa miaka, na elimu hiyo hupotea upesi akilipwa kwa mng'aro wa rangi badala ya uimara wa mshono. Alipwe kwa kazi isiyoonekana, kwa maana hiyo ndiyo ibebayo watu.

Bandu bandu huisha gogo, na kutu hubandua kila siku, mvua inyeshe au jua liwake. Gari la umma limenunuliwa kwa kodi ya mwananchi, na gari la askari limenunuliwa kwa jasho lake. Yote mawili yastahili chuma cha kweli. Mwenye gari Batsinda, na kwingineko kote, amwambie fundi wake neno moja kabla ya kazi kuanza: hapa pakate.