Mchezo wa Televisheni Nao Upimwe

Wataalamu wa vyombo vya habari huhesabu watazamaji, huchambua ujumbe, huuliza kituo ni cha nani. Lakini mchezo wenyewe kama ni mzuri au mbovu, hawasemi. Ati uzuri ni ladha ya mtu. Sisi hatukubali. Raymond Williams alihakiki televisheni katika jarida la The Listener tangu 1968 hadi 1972 wala hakuona haya kuhukumu. Mwaka 1990 mwenzake wa Uingereza, Charlotte Brunsdon, aliwaonya wataalamu kwamba kukataa kuhukumu hakuwapunguzii nguvu wale wanaoifanya ladha yao kuwa sheria.

Shairi twalipima vina, mizani na utoshelezi. Mbona mchezo usamehewe? Mama apata habari za msiba: kamera yamsogelea usoni, muziki walia, naye atueleza kwa maneno marefu kwamba ana huzuni. Huzuni yatajwa mara tatu, haijaonekana bado. (Nasi tuliotunga mashairi ya sherehe za ofisini twaijua dhambi hiyo.) Mwanafunzi akiyaandika haya katika insha, mwalimu asimkate alama kwa kuwa ni maoni, amwulize ameyaona katika onyesho lipi.