Nani Bosi wa Shule Zetu?

Wasee, kabla hamjaanza kunirushia mawe kwenye komenti, niwarahisishie kazi: ndio, niliacha chuo mwaka wa pili. Sina digrii, nina simu na stendi ya kuiwekea. Hiyo tushaimaliza, sasa tuongee.

Wewe unaesoma ama uliesoma shule ya serikali hapa kisiwani, iwe Makadara, Bondeni, Tononoka ama Tudor: unamjua anaesimamia shule zote za Mvita? Simaanishi mwalimu mkuu. Namaanisha alie juu yake. Jina lake nani? Ofisi yake iko wapi?

Nimeuliza swali hili barazani Mji wa Kale. Watu watano, majibu matano. Mmoja kasema gavana. Wa pili kasema mbunge. Wa tatu, TSC. Mzee mmoja kasema D.E.O., cheo cha enzi za wilaya. Wa tano alicheka tu, akaendelea na kahawa yake.

Mnaona ni utani, lakini kwetu nyumbani haikuwa utani. Mdogo wangu alikuwa Gredi ya 9 mwaka 2025, lile kundi la kwanza kabisa kufanya KJSEA. Darasa lao lilikaa karibu mihula miwili bila mwalimu wa sayansi. Mama akavaa buibui lake akatoka kwenda kuuliza. Ofisi ya kwanza: "Hilo si letu, mama." Ofisi ya pili: "Barua ipitie shuleni." Shuleni: "Sisi tushaandika." Ofisi ya tatu, mkubwa yuko Nairobi mkutanoni. Siku nzima, nauli ya tuktuk juu ya nauli ya tuktuk, akarudi nyumbani na kiu.

Na unajua kilichoniuma zaidi? Hakuna aliemdanganya. Wote walikuwa wanasema kweli.

Hebu niwapangie vile mambo yalivyo. Katiba ya 2010 iliipa kaunti shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Basi. Kuanzia Gredi ya 1 kupanda juu ni serikali kuu. Kwa hivyo ukimtukana gavana kwa sababu shule ya msingi haina mwalimu, unagonga mlango wa jirani. Mwalimu anaajiriwa, anahamishwa na kuadhibiwa na TSC, na TSC ina wakurugenzi wake wenyewe kwenye kaunti. Pesa za wanafunzi, ambazo kwenye karatasi ni shilingi 1,420 kwa mwaka kwa mtoto wa msingi, 15,042 kwa wa sekondari msingi na 22,244 kwa wa sekondari, zinatoka Nairobi moja kwa moja hadi akaunti ya shule. Darasa jipya mara nyingi linajengwa na CDF, ndio maana jina la mbunge huandikwa ukutani. Halafu kuna bodi ya shule.

Na katikati ya wote hao amekaa mkurugenzi wa elimu wa Wizara, wa kaunti na yule wa kaunti ndogo. Huyu ndie anaetakiwa kuhakikisha shule zinafanya kazi. Lakini hawezi kuajiri mwalimu hata mmoja. Hawezi kumhamisha. Pesa za shule hazikai kwake. Anapokea waraka kutoka Jogoo House, anaupeleka kwa walimu wakuu, anakusanya ripoti, anazirudisha Nairobi. Kukinuka shuleni, yeye ndie anaeitwa mbele ya kamera kujibu.

Sasa nitasema kitu ambacho wengine hamtakipenda: namhurumia. Mtu amepewa cheo kikubwa na mikono mitupu. Ukimweka malaika kwenye kiti kile, malaika pia atakuambia "andika barua."

Lakini huruma yangu ina mpaka. Kukosa mamlaka si sababu ya kukosa kuonekana. Kama huna uwezo wa kuleta mwalimu, una uwezo wa kusema hadharani: shule hii inakosa walimu wanne, niliomba tarehe fulani, sijajibiwa. Wazazi wangejua pa kusukuma. Ukinyamaza unawakinga walio juu yako, na bili analipa mtoto.

Kule Marekani, shule za umma za wilaya moja huwa na msimamizi wao mkuu. Sehemu nyingi anaajiriwa na bodi iliyochaguliwa kwa kura na wakaazi. Mikutano ya bodi iko wazi, mzazi anasimama, anashika maikrofoni, anasema yake. Sisemi kule ni peponi. Wanagombana vibaya sana kwenye hiyo mikutano, na msimamizi anaweza kufukuzwa. Lakini angalau wanajua wanagombana na nani!

Na msiniambie sisi hatuna bodi. Tunayo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inataka kila kaunti iwe na Bodi ya Elimu. Ndani yake kunatakiwa kuwe na kaunti, TSC na wazazi, na mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndie katibu. Yani wale wote waliomzungusha mama wanatakiwa kukaa meza moja. Ni wangapi hapa mshawahi kuisikia?

Najua kuna mtu ashaanza kuandika, "Wapwani hawapendi shule." Tafadhali. Sheikh Al-Amin Mazrui alikuwa akitoa gazeti lake la Al-Islah hapa hapa Mombasa mwaka 1932, akiwahimiza watu wa Pwani kuhusu elimu. Karibu miaka mia baadae mama yangu anazunguka ofisi tatu kutafuta mwalimu wa sayansi. Huyo ndie hapendi shule?

Ninachotaka ni vitu vitatu. Kwanza, kwenye geti la kila shule ya serikali paandikwe jina la cheo, ofisi na simu: walimu, piga hapa, pesa, piga hapa, majengo, piga hapa. Pili, Bodi ya Elimu ikae mbele ya watu kila muhula, hata pale Tononoka Social Hall, na wanafunzi wapewe nafasi ya kuongea. Tatu, kila muhula itolewe orodha ya shule na idadi ya walimu wanaokosekana.

Na sisi tuna kazi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu wewe, raia wa kawaida, kuiandikia ofisi ya umma ukiomba habari, na wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Mimi barua yangu nishaiandika. Naomba idadi ya walimu wa sayansi kwenye kila shule ya serikali ya Mvita. Siku ya 22 nitaposti, jibu liwepo lisiwepo.

Mdogo wangu alikuwa anataka njia ya sayansi Gredi ya 10. Alipofika wakati wa kuchagua, akajaza sayansi ya jamii. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Ile nyingine hata sikufunzwa."

Haya, sasa komentini. Lakini anza na hili: shule yako bosi wake ni nani?