Spageti za Mlimani Zataka Subira, si Kuni

Shule zikifungwa jamaa nyingi za mjini hufunga safari kwenda Kericho na Bomet kuwasalimu wazee. Katika vikapu vya zawadi, pamoja na sukari, mkate na mafuta ya kupikia, siku hizi hazikosi pakiti mbili tatu za spageti au makaroni. Watoto wamezizoea mjini, na mama anajua zitamfaa jioni wageni wakiwa wengi.

Lakini mara nyingi pakiti hizo hukaa kabatini hadi likizo nyingine. Kogo, kama Wakipsigis wanavyomwita nyanya wa watoto, akizijaribu hutoka ngumu katikati kama kijiti. Akijaribu tena huongeza kuni na kuziacha motoni mpaka zikawa uji. Baada ya hapo husema hicho si chakula, akarudia kimnyet, yaani ugali wake. Leo basi tumtetee kogo, maana mpishi hodari kama yeye alistahili kuelezwa mapema jinsi maji yanavyochemka mlimani.

Siri ya maji

Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda juu, ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua, na maji huchemka kabla ya kupata moto mwingi. Mombasa maji huchemka yakifika nyuzi 100 za selsiasi. Kericho huchemka yakifika karibu nyuzi 93. Yakishafika hapo hayapandi tena, hata ukijaza kuni mekoni. Yatabubujika kwa kelele na kukauka upesi, basi.

Kwa hivyo usizifuate dakika za kwenye pakiti kama sheria. Pakiti ikisema 10, huko mlimani tarajia 12 hadi 14. Anza kuonja dakika ya 10, kisha onja kila baada ya dakika moja. Ukiuma moja na kuona kitone cheupe katikati, bado. Kitone kikitoweka, epua mara moja.

Kwa pakiti ya gramu 400, chemsha lita 4 za maji sufuria ikiwa na kifuniko, ili kuni zisipotee bure. Yakichemka tia chumvi kijiko kimoja cha mezani, kisha spageti. Koroga mara kwa mara dakika mbili za kwanza, kwani hapo ndipo zinaposhikana. Kabla ya kuchuja, teka kikombe kimoja cha maji hayo uyaweke kando. Yana wanga, nayo yataufanya mchuzi ushike vizuri. Usizisuuze kwa maji baridi.

Zisiliwe tupu

Katika nyumba za wakulima wa chai, chakula cha upesi kina maana kubwa. Majani mabichi hayangoji. Yakishachumwa yanatakiwa yafike kiwandani siku hiyo hiyo, kwa hivyo mama anaweza kukaa kituoni akisubiri lori hadi jua linazama. Akifika nyumbani watoto wana njaa, na maharagwe makavu yanataka saa nyingi motoni.

Hapo ndipo penye hatari. Mkono ukiwa mtupu, hasa bonasi ikiwa bado mbali, ni rahisi kuchemsha spageti, kutia mafuta na chumvi, na kuwagawia watoto. Watashiba, lakini watakuwa wamekula wanga mtupu. Jioni moja si neno. Ikiwa desturi, watoto hukosa vyakula vya kujenga mwili. Na vyakula hivyo viko pale pale shambani.

Makaroni na maharagwe (watu 5)

Mahitaji:
Makaroni gramu 400
Maharagwe yaliyochemshwa vikombe 2
Vitunguu maji 2
Nyanya 4 zilizoiva
Karoti 2
Kitunguu saumu punje 3
Mafuta vijiko 3 vya mezani
Dania na chumvi kiasi

Maharagwe yaloweke usiku kucha, uyachemshe mengi siku ya mapumziko, uyatumie siku mbili hivi. Kaanga vitunguu mpaka vilainike, tia kitunguu saumu, karoti zilizokunwa na nyanya. Funika hadi nyanya zirojeke. Tia maharagwe na nusu kikombe cha yale maji uliyoteka, yachemke dakika tano. Changanya na makaroni yaliyochujwa, nyunyizia dania. Usidhani ni kubahatisha: Waitaliano wenyewe wamepika pasta na maharagwe tangu zamani, nacho kilikuwa chakula cha watu wa kipato kidogo.

Spageti na managu ya maziwa

Chemsha fungu kubwa la managu, mboga ambayo Wakipsigis huita isoik, mpaka yalainike, uyachuje. Kaanga kitunguu kimoja, tia managu, kisha kikombe kimoja cha maziwa mabichi. Yaache yachemke polepole yapungue, halafu changanya na spageti. Usitie maziwa mala wala mursik motoni, kwani hukatika. Mursik mwekee mtu pembeni, anywe kwa raha yake.

Kwa wanafunzi

Nanyi mnaojipikia katika vyumba vya kupanga, kama vile karibu na Chuo Kikuu cha Kabianga, sufuria moja yatosha. Chemsha vikombe viwili vya maji, vunja spageti gramu 100, tia na nyanya moja iliyokatwa na chumvi. Koroga mara kwa mara. Zikikaribia kuiva na maji yamebaki kidogo, mimina yai moja lililopigwa, ukoroge mpaka ligande kabisa. Huhitaji chujio, na gesi yako itadumu.

Neno la mwisho. Mzee akisema hajala mpaka aone kimnyet, msigombane naye. Msongee kidogo, mwekee maharagwe yale yale kando. Watoto nao wasimcheke kogo, bali waketi naye jikoni, wapike sufuria moja pamoja kabla ya kurudi mjini. Akishajua kuonja badala ya kuongeza kuni, zile pakiti hazitangoja likizo nyingine.

Hadi Jumapili ijayo, kuleni vizuri.