Wimbo, Runinga na Mvua

Sisi walimu wa kujitolea hapa Kasubi tuko salama, ila matope yameanza. Kiangazi kimeisha, mvua za Machi zimefika.

Mwezi huu tumewaza mambo mawili. Mwaka 2019 Innoss'B wa Goma alitoa kwenye intaneti toleo la "Yo Pe" aliloimba na Diamond Platnumz. Zamani kaseti ilingoja mtu wa kusafiri. Siku hizi mmoja akinunua bando, ua mzima unacheza. Chakula cha runinga si hivyo. Jioni watoto wanajazana kwa jirani kumtazama mpishi akikaanga kuku. Anaonja kijiko kimoja, kipindi kinaisha. Mtoto mmoja akatuuliza: "Mwalimu, kile kinachobaki anakula nani?" Tulikosa jibu, maana tulijua kwao siku ile hawakupika. Makaa yalilowa, na makavu yamepanda bei.

Basi wazazi, mvua isipite bure. Chukueni gunia au jerikani iliyotoboka, jazeni udongo, pandeni dodo, ile sisi wa Kongo tunaita lengalenga. Baada ya wiki tatu au nne mnaanza kuchuma. Inaiva upesi, haimalizi makaa. Na mwenye sufuria motoni amwite mtoto wa jirani. Wimbo tunagawana kila siku, mboga itatushinda?

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.